Mama Mwenye Kisukari na Mimba: Macho Yapimwe Mapema



Katika darasa letu moja la kisomo alikuwapo mama mmoja aliyetupa sifa. Alikuja hajui hata kushika kalamu. Baada ya mwaka mmoja na nusu aliandika barua kwa mwanawe aliyekuwa shule ya bweni, akaenda kuitia posta mwenyewe. Jibu lilipofika hakumpa mtu amsomee. Alilisoma yeye, mbele ya darasa zima, na sote tulipiga makofi.

Kisha tukaona jambo. Mama huyu alianza kukosea. Aliandika "baba" mahali pa "dada". Aliponakili sentensi za ubaoni aliruka maneno. Alihama kiti cha nyuma, akaja cha katikati, halafu cha mbele kabisa.

Sisi walimu tulifikiri nini? Tulifikiri amechoka, maana alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mwingine wetu alisema, "Amesahau huyo. Siku hizi haji kila siku." Basi tukampa mazoezi zaidi ya kuandika. Kumbe aliyekuwa amekosea si yeye. Ni sisi.

Siku moja alitwambia, "Mwalimu, mbele ya karatasi naona kama utando wa buibui. Nikiufuta hautoki."

Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka minane. Sisi tulijua ana mimba, na tulijua ana kisukari. Lakini hatukujua kwamba mambo hayo mawili yakikutana, macho yanaweza kuharibika upesi. Yeye pia hakujua. Leo tumeona tuyaeleze mambo haya, ili wewe ujue kabla hayajakufika wewe, au mkeo, au binti yako.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, ndizi, viazi na vitu vitamu, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo si mbaya. Ndiyo inayotupa nguvu za kulima na kutembea. Lakini ili itoke kwenye damu na kuingia katika nyama za mwili, inahitaji kitu kiitwacho insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho tumboni nyuma ya mfuko wa chakula.

Fikiria nyumba yenye mlango uliofungwa. Sukari imesimama nje, na insulini ndiyo ufunguo. Ufunguo ukikosekana, au kufuli likawa gumu kufunguka, sukari hubaki nje, yaani hubaki katika damu. Hapo ndipo tunasema mtu ana kisukari.

Kwa akina mama wajawazito tunatofautisha hali mbili.

Ya kwanza ni ya mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kupata mimba. Wengine huanza wakiwa watoto, wengine wakiwa watu wazima. Mama wa darasa letu alikuwa katika kundi hili.

Ya pili ni kisukari cha mimba. Mama hakuwa na kisukari, lakini mimba ikikua sukari hupanda. Mara nyingi huonekana mimba ikiwa imefika nusu ya safari au zaidi. Ndiyo maana wataalamu hushauri kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kwa akina mama wengi sukari hii hushuka baada ya kujifungua.

Shika vizuri tofauti hii. Tutairudia mbele.

JICHO HUONAJE?

Mwanga huingia jichoni kupitia mboni, ile duara nyeusi katikati ya jicho. Hupita kwenye lenzi, ambayo ni kama kioo kidogo cha miwani kilichomo ndani ya jicho. Kisha hufika nyuma kabisa, kwenye utando mwembamba uitwao retina.

Retina ndiyo inayopokea picha ya kitu unachokitazama na kuipeleka kwenye ubongo. Lenzi ikiharibika, inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Hivyo ndivyo wanavyofanyiwa wazee wenye mtoto wa jicho. Lakini retina ikishakufa, hakuna duka inakouzwa. Haibadilishwi.

Retina hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba sana. Hapo ndipo kisukari kinapofanya kazi yake mbaya.

MFANO WA SHAMBA LA MPUNGA

Wengi wetu tumeona bonde la mpunga linalonyweshwa kwa mifereji. Retina ni hilo shamba. Mishipa midogo ya damu ndiyo mifereji. Damu ndiyo maji.

Sukari ikiwa nyingi kwa miaka, huzidhoofisha kingo za mifereji. Kwanza kingo huvimba mahali hapa na pale, na maji huanza kuvuja kidogo kidogo. Shamba hupata madimbwi. Kwenye jicho, madimbwi hayo yakituama katikati ya retina, mahali tunapotumia kusomea, herufi huanza kuonekana zimepinda au zimefifia.

Baadaye mifereji mingine huziba kabisa. Sehemu ya shamba hukosa maji. Mwenye shamba hufanyaje? Kwa haraka huchimba mifereji mipya. Lakini mifereji ya haraka haina kingo imara. Mvua ikija, hubomoka. Na retina hufanya vivyo hivyo. Ikikosa damu huotesha mishipa mipya, lakini mishipa hiyo ni dhaifu. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho. Mtu huona madoa meusi, nyuzi, au utando wa buibui. Damu ikiwa nyingi, huona giza. Isitoshe, mishipa hiyo hufanya makovu, na makovu yanaweza kuivuta retina mpaka ikabanduka.

Utando wa buibui aliouona mama wa darasa letu ulikuwa ni damu. Haukuwa kwenye karatasi. Ulikuwa ndani ya jicho lake.

KWA NINI MIMBA HUONGEZA HATARI?

Mtu anaweza kuuliza, "Mbona alikaa na kisukari miaka minane bila tatizo, na sasa limekuja katika miezi mitano?" Ni swali zuri. Ziko sababu kadhaa.

Kwanza, damu huongezeka. Mwili wa mama mjamzito hutengeneza damu zaidi ili kumlisha mtoto. Kufikia miezi ya mwisho huwa imeongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Rudi kwenye mfano wetu: mvua imenyesha milimani, maji mengi yanashuka, na mifereji ni ile ile yenye kingo dhaifu.

Pili, mimba hutoa vichocheo vingi mwilini. Baadhi ya vichocheo hivyo hufanya insulini isifanye kazi vizuri, basi sukari hupanda. Vingine huigusa mishipa yenyewe.

Tatu, shinikizo la damu. Mama mwenye kisukari yumo katika hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu wakati wa mimba, pamoja na ule ugonjwa uitwao kifafa cha mimba. Shinikizo likipanda, mishipa ya macho huumia zaidi.

Nne, kushusha sukari kwa ghafla. Jambo hili huwashangaza watu. Mama aliyekaa na sukari nyingi kwa muda mrefu hupata mimba. Anafika kliniki, anaanzishiwa insulini, na sukari inashuka upesi. Hilo ni jema sana kwa mtoto. Lakini retina iliyokwisha kuharibika inaweza kuzidi kuharibika kwa muda.

Ngoja hapo! Usielewe vibaya. Hatusemi sukari isishushwe. Sukari nyingi humdhuru mtoto tumboni, na humharibu mama macho, figo na moyo. Ni lazima ishushwe. Tunachosema ni hiki: ni bora ianze kushushwa taratibu kabla ya mimba, na ikishushwa wakati wa mimba, macho yawe yanaangaliwa.

JE, KILA MAMA MWENYE SUKARI YUMO HATARINI?

Hapana. Tusiwatie watu hofu bure.

Mama mwenye kisukari cha mimba, yaani kile kilichoanza na mimba, kwa kawaida retina yake haiharibiki. Muda ni mfupi mno. Kazi yake kubwa ni kutunza sukari, kuhudhuria kliniki, na kupimwa tena sukari kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua. Asiache kipimo hicho, kwa maana akina mama wengi waliopata kisukari cha mimba huja kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele.

Lakini wako wanaoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana sukari nyingi, mimba ikiwa bado changa. Hao huenda walikuwa na kisukari tangu zamani bila kujua. Wamwulize mganga kama wapimwe macho.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni hawa:

1. Waliokaa na kisukari kwa miaka mingi.
2. Ambao sukari yao ilikuwa juu wakati wa kupata mimba.
3. Wenye shinikizo la damu.
4. Ambao retina zao zilikwisha kuanza kuharibika kabla ya mimba.

Mama ambaye retina zake ni nzima mwanzoni mwa mimba, mara nyingi hupita salama. Na hata wale ambao ugonjwa uliongezeka kidogo, wengi hupata nafuu baada ya kujifungua. Kwa hiyo kisukari hakimzuii mama kuzaa. Kinamtaka ajiandae.

Zamani hali haikuwa hivi. Kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, ni akina mama wachache wenye kisukari waliofikisha mimba mwisho, na wengi walikufa. Insulini ilipopatikana, akina mama walianza kuishi na kuzaa. Ndipo waganga wakaona jambo ambalo hawakuwa na nafasi ya kuliona zamani: macho. Huko Boston, Marekani, Daktari Priscilla White aliwahudumia wajawazito wenye kisukari kwa miaka mingi. Mwaka 1949 alitoa utaratibu wa kuwapanga kwa herufi, kufuatana na muda wa ugonjwa na madhara yake. Baadaye, katika utaratibu huo, mama ambaye retina yake imeota ile mishipa dhaifu aliandikiwa herufi R, yaani retina. Herufi moja tu, lakini ilimwambia kila mganga: angalieni macho ya mama huyu.

UGONJWA USIOUMA

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvua hii huweza kunyesha bila mawingu.

Retina ikianza kuharibika kwa kisukari, haiumi. Jicho haliwi jekundu. Halitoi machozi wala tongotongo. Mtu anaweza kusoma gazeti hili kuanzia mwanzo hadi mwisho, kumbe nyuma ya jicho mifereji imeanza kuvuja. Mama wa darasa letu, pamoja na shida yake, alikuwa na bahati. Jicho lilimwonya. Wengi hawaonywi mpaka saa imepita.

Kwa hiyo usiseme, "Mimi naona vizuri, nipimwe macho ya nini?" Kuona vizuri leo si ushahidi kwamba retina ni nzima. Ushahidi ni kipimo.

Tena kuna ukungu wa macho wa namna nyingine. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho huvimba na kunywea. Mtu huona ukungu, kisha siku nyingine huona vizuri. Ukungu huu huondoka sukari ikitulia. Usikimbilie kununua miwani wakati sukari inapanda na kushuka, maana baada ya wiki chache miwani hiyo haitakufaa. Lakini wewe mwenyewe huwezi kujua ukungu wako ni wa namna gani. Mwenye kujua ni aliyetazama ndani ya jicho.

MACHO HUPIMWA LINI, NA VIPI?

Mama mwenye kisukari anayetaka kuzaa apimwe macho kabla ya kupata mimba. Huo ndio wakati mzuri kupita wote. Kama retina ina tatizo, itatibiwa kwanza.

Kama mimba imekwisha kuingia, apimwe katika miezi mitatu ya kwanza. Asingoje mimba ionekane. Baada ya hapo mganga atampa tarehe za kurudi kufuatana na alichokiona. Mwenye tatizo anaweza kutakiwa kurudi kila baada ya miezi mitatu au mapema zaidi. Na baada ya kujifungua aendelee kuangaliwa katika mwaka ule wa kwanza. Wengi huacha hapo. Mtoto amezaliwa, kuna kazi nyingi, macho yanasahauliwa. Lakini ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya uzazi.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kwanza utasomeshwa herufi ukutani, jicho moja moja. Kisha utatiwa matone ya dawa ili mboni ipanuke. Mganga atatazama ndani kwa chombo chenye taa, au atapiga picha ya retina. Kwa saa kadhaa baada ya matone hayo utaona ukungu na mwanga utakusumbua. Kwa hiyo nenda na mtu wa kukushika mkono, na uchukue kofia au mtandio wa kuzuia jua. Waambie mapema kwamba una mimba.

Si kila zahanati ina chombo hiki. Anzia hapo hapo kijijini. Mwambie muuguzi wa kliniki ya wajawazito maneno haya: "Nina kisukari, nina mimba, na nataka nipimwe retina." Atakuelekeza kituo cha afya au hospitali ya wilaya au ya mkoa. Hospitali kubwa za rufaa nchini Tanzania, kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zina idara za macho. Ukipewa barua ya kwenda huko, usiiweke sandukuni. Isome tarehe yake.

YAKO MATIBABU

Iko mionzi ya mwanga iitwayo leza. Mganga huielekeza kwenye retina ili mishipa ile dhaifu inywee isipasuke. Mama mjamzito anaweza kutibiwa kwa leza, haimdhuru mtoto aliye tumboni. Ziko pia sindano za dawa zinazochomwa jichoni, lakini kwa kawaida waganga huziepuka wakati wa mimba.

Tuseme kweli: leza huzuia jicho lisiharibike zaidi. Hairudishi kila kilichopotea. Wengine baada ya leza huona kwa shida kidogo usiku. Ndiyo maana mapema ni bora kuliko baadaye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa retina haujengeki.

Watu wengine husema eti mama mwenye ugonjwa wa retina hawezi kujifungua kwa njia ya kawaida kwa sababu ya kusukuma. Ugonjwa huo peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mwambie mkunga hali ya macho yako, naye ataamua pamoja na mganga.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Pima sukari kama ulivyoelekezwa. Kwa mama mjamzito mwenye kisukari, waganga wengi hutaka sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8. Mganga wako anaweza kukupa kiasi tofauti. Fuata cha mganga wako. Andika tarehe na namba katika daftari. Wewe sasa unajua kuandika, daftari hilo ni dawa.

Kula vizuri. Usile chakula cha watu wawili, kama wengine wanavyosema. Punguza kipande cha ugali au sahani ya wali, ongeza mboga za majani na maharage, dagaa au samaki. Acha soda na chai ya sukari nyingi. Usikae na njaa.

Tumia dawa zako. Usiache insulini kwa sababu una mimba. Insulini haimdhuru mtoto. Lakini vidonge vingine, hasa baadhi ya vile vya shinikizo la damu, havifai wakati wa mimba. Kwa hiyo ukitambua tu kwamba una mimba, nenda na dawa zako zote kliniki wazitazame.

Jihadhari na sukari kushuka mno. Mama akitumia insulini na kula kidogo, anaweza kutoka jasho, kutetemeka, kuona ukungu na kuchanganyikiwa. Hapo mpeni upesi maji ya sukari, asali au soda yenye sukari, kisha chakula. Kama amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali.

Usitie kitu jichoni. Maji ya majani, maziwa, au dawa ya matone ya jirani, vyote hivyo haviwezi kufika kwenye retina. Vinaweza tu kuleta ugonjwa mwingine.

NENDA HOSPITALI SIKU HIYO HIYO

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona haya:

1. Madoa meusi mengi, nyuzi au utando vimetokea ghafla.
2. Kama pazia limefunika upande mmoja wa jicho.
3. Jicho moja au yote mawili yamepoteza nuru ghafla.
4. Kuona vimulimuli au ukungu, pamoja na kichwa kuuma sana, au uso na mikono kuvimba, au maumivu ya juu ya tumbo.

Hilo la 4 linaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Ni hatari kwa kila mjamzito, hata asiye na kisukari. Anaweza kufa mama na mtoto. Msilale na dalili hizo.

NENO KWA AKINA BABA

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Nauli ya kwenda hospitali ya wilaya hutoka katika mfuko wa nyumba. Mtu wa kumshika mkono baada ya matone ni wewe, au dada yako, au mama mkwe wake. Nanyi mnaokula naye, msimwekee chakula chake pembeni kama mgonjwa wa kutengwa. Chakula kinachomfaa yeye kinawafaa ninyi nyote.

Tena tusiseme mimba imemroga, wala kwamba macho huchoka tu kwa sababu anazaa. Sisi walimu tulisema "amechoka", na kwa neno hilo tukampotezea mama yule wiki tano.

MAMA YETU ALIISHIAJE?

Aliposema habari za utando wa buibui, muuguzi wa zahanati alimwandikia barua siku hiyo hiyo. Mumewe aliuza mbuzi wawili, wakaenda. Daktari wa macho alikuta mishipa mipya katika macho yote mawili, na jicho la kushoto lilikuwa limevuja damu. Alipigwa leza mara kadhaa kabla ya kujifungua, na mara moja baada yake. Alizaa mtoto wa kike.

Jicho la kulia linasoma. La kushoto limebaki na ukungu, na usiku hutembea akiwa ameshika bega la mwanawe. Bado yuko darasani. Anakaa kiti cha mbele, na sasa sisi ndio tunaoandika ubaoni kwa herufi kubwa. Tumeweka pia desturi mpya: mwanafunzi akianza kukosea herufi alizokuwa akizijua, hatumpi mazoezi kwanza. Tunamwuliza habari za macho yake.

Mwezi uliopita alitusomea barua nyingine ya mwanawe. Alisoma polepole. Alipofika mwisho alisema, "Wiki tano zile, mwalimu, ndizo zilizokula jicho hili. Andikeni, wengine wasingoje."

Basi tumeandika.

MANENO YA KUKUMBUKA

Retina: utando mwembamba nyuma ya jicho unaopokea picha.
Insulini: kitu kinachoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini.
Kongosho: kiungo kinachotengeneza insulini.
Leza: mionzi ya mwanga inayotumika kutibu retina.
Kisukari cha mimba: sukari nyingi katika damu inayoanza wakati wa mimba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama mwenye kisukari apimwe macho hata kama anaona vizuri?
2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kisukari cha mimba na kisukari cha kabla ya mimba, kwa upande wa macho?
3. Kutoka kijijini kwenu, hospitali iliyo karibu yenye mganga wa macho iko wapi? Nauli ni kiasi gani? Nani atamsindikiza mama?
4. Je, katika kikundi chenu yuko mtu aliyeanza kukosea kusoma? Mmemwuliza sababu?